BATA WA MCHONGO: Historia ya Vinyago Unavyoviona Kila Duka la Watalii, na Watu Waliovichonga Bila Kuacha Majina

Leo tunaweka pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani. Leo nakuletea mastaa ambao hujawahi kuona picha zao. Hawana akaunti Insta, hawana meneja, hawajawahi kuhojiwa redioni, na wengi wao hata majina yao hakuna anayeyajua. Lakini kazi zao zimesafiri kuliko msanii yeyote wa Bongo unayemjua. Zipo sebuleni kwa watu Berlin, zipo London, zipo New York.

Naongelea wachonga vinyago.

Kama unatokea huku kwetu Machochwe, au umewahi kutoka Mugumu kuelekea geti la Ikoma, magari ya watalii kwako siyo habari tena. Tunajua wanachokifuata. Nyumbu wanavuka Mto Mara kuanzia Julai mpaka Oktoba hivi, na dunia nzima inataka kupiga picha. Wakishashiba kuangalia wanyama wa kweli, wanaondoka na mnyama wa mbao kwenye begi. Twiga, tembo, kifaru, simba. Wanauliza bei, wanalipa, wanaondoka.

Sasa swali langu ni moja tu: yule twiga kachongwa na nani?

Twende taratibu, maana hii stori inaanzia mbali.

TUANZE NA BATA

Si unajua Bongo tukisema kitu "cha mchongo" tunamaanisha feki? Daktari wa mchongo, cheti cha mchongo, mchumba wa mchongo. Basi Marekani kuna bata wa mchongo kweli kweli, na sitanii.

Iko hivi. Wawindaji wa kule walikuwa wanataka bata maji wanaopita angani washuke karibu na walipojificha. Bata ni ndege wa kufuata mkumbo, akiona wenzake wametulia kwenye maji anajua hapo pako salama. Kwa hiyo wawindaji wakawa wanachonga bata wa mbao, kwa mti mwepesi kama mwerezi au msonobari, wanampaka rangi za bata wa kweli, wanamfunga kipande cha risasi chini ya tumbo ili asipinduke, halafu wanamtia kamba na nanga. Wanapanga kundi zima la bata hao kwenye maji. Bata wa kweli wakishuka kusalimia, bunduki inalia. Kwa Kiswahili chepesi, yule bata wa mbao ni chambo.

Na hiyo akili siyo ya juzi. Mwaka 1924 watafiti waliokuwa wanachimba pango la Lovelock, jimbo la Nevada, walikuta bata 11 waliotengenezwa kwa matete, wengine wamevalishwa manyoya. Umri wao ni kama miaka 2000. Waliotengeneza ni wenyeji wa asili wa ile nchi, kabla hata mzungu hajafika. Majina yao? Hakuna.

Baadaye walowezi wakaendeleza kwa mbao. Karne ya 19 mambo yakawa biashara kubwa, watu wanaua bata kwa maelfu kupeleka kwenye mahoteli ya mijini. Ndege wakaanza kuisha. Mwaka 1918 Marekani ikapitisha sheria ya kulinda ndege wanaohama, na biashara ya kuuza bata pori ikafa. Ungedhani na bata wa mbao watakufa nayo. Kumbe hapo ndipo maisha yao mapya yalipoanza. Watu wakaanza kuwaangalia vizuri na kusema jamani, mbona hii ni sanaa? Mwaka 1934 jamaa anaitwa Joel Barber akatoa kitabu kizima kuhusu bata hao. Leo wana makumbusho yao.

Sasa shika hapa. Bata wengi wa zamani wana alama ya muhuri wa moto tumboni, lakini mara nyingi alama hiyo ni ya mwenye bata, yaani mwindaji au klabu ya uwindaji, ili wasiibiwe. Mchongaji hakuandikwa. Ni kama ng'ombe wetu huku Mara, anapigwa chapa ya mwenye zizi, siyo ya aliyemchunga.

Lakini kulikuwa na mzee mmoja Massachusetts, A. Elmer Crowell, aliyezaliwa 1862 na kufariki 1952. Huyu alitengeneza chapa yake mwenyewe na akawa anaichoma chini ya kazi zake. Mwaka 2007, ndege wake wawili wa mbao, mmoja bata na mwingine bata bukini, waliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja kila mmoja. Kila mmoja! Kipande cha mti kilichotengenezwa kudanganya ndege.

Ni kweli mzee alikuwa fundi wa hatari. Lakini mafundi wa hatari walikuwa wengi. Yeye tunaweza kumtaja mpaka leo, na hilo lina uzito wake kwenye bei. Weka hiyo kichwani, tutairudia.

KABLA YA MTALII, KILA FUNDI ALIJULIKANA

Turudi nyumbani. Kuna watu wanasema sanaa ya Mwafrika haina jina kwa sababu ni ya jamii nzima, eti mababu zetu hawakujali nani kafanya nini. Mimi hiyo siikubali.

Chukulia huku kwetu kwa Wakurya. Litungu letu, lile lenye nyuzi nane, halijaota shambani. Kuna mtu anatafuta mti unaofaa, anauchimba tumbo, anauvalisha ngozi, anakaza nyuzi mpaka sauti inakaa sawa. Vile viatu virefu vya mbao ambavyo vijana wanachezea ngoma, navyo vina fundi wake. Vigoda vya wazee vina fundi wake. Na kijijini ukiuliza hii kazi ya nani, unajibiwa palepale: ya mzee fulani wa ukoo fulani, nyumba yake ile pale. Fundi mbaya anajulikana, na fundi mzuri anafuatwa kutoka mbali.

Kwa hiyo jina lilikuwepo. Halikuandikwa kwa sababu hapakuwa na haja, wote mnafahamiana. Jina lilianza kupotea pale kitu kilipopanda gari, treni na meli kwenda kwa watu wasiomjua fundi.

Ushahidi upo. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alizunguka kusini mwa nchi yetu mpaka uwanda wa Makonde akikusanya vitu vya kupeleka kwao. Jina la mkusanyaji tunalo mpaka leo, na mwaka tunao. Waliovitengeneza wamebaki kuitwa kwa jina la kabila lao tu. Mtu mzima, ana mke, ana watoto, ana mikono ya dhahabu, anageuka kuwa "Mmakonde".

VITA ILIYOZAA TWIGA WA MBAO

Sasa yule twiga wa dukani ametokea wapi? Hapa stori inapita kwenye vita.

Vita Kuu ya Kwanza, 1914 mpaka 1918, ilipiganwa mpaka kwetu. Waingereza wanamfukuza Mjerumani von Lettow-Vorbeck, na kwa kuwa magari yalikuwa hayapiti, mizigo ilibebwa na watu. Wakachukuliwa Waafrika kwa mamia ya maelfu kuwa wapagazi, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa na magonjwa. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ukitamka haraka haraka unapata nini? Kariakoo. Ndiyo hiyo hiyo unayoenda kununua simu na viatu.

Miongoni mwa waliopelekwa Tanganyika kwenye vita hiyo alikuwa Mkamba mmoja kutoka Wamunyu, upande wa Machakos, Kenya. Anaitwa Mutisya Munge. Simulizi inayojulikana zaidi inasema akiwa huku aliwaona Wazaramo wanavyochonga sanamu, akaiba ujuzi kwa macho, na vita ilipoisha akarudi kwao akaanza kuchonga na kuuza. Ndugu wakajifunza kwake, majirani wakajifunza kwa ndugu, mwisho Wamunyu nzima ikawa karakana.

Vita ya Pili ya Dunia ikaleta wanajeshi wengi wa kigeni Kenya, wote wanataka zawadi ya kupeleka kwao. Hapo soko likalipuka. Mkamba akasoma mchezo: mgeni anataka mnyama. Basi wakachonga swala, twiga, tembo, vifaru, na vijiko vyenye kichwa cha mnyama. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba wakaanzisha ushirika wao Changamwe, Mombasa. Kazi zao zikavuka mpaka mpaka kwenye maduka ya barabara ya Arusha.

Kwa hiyo mtalii aliyetoka kumwona twiga wa Serengeti anaweza kununua twiga aliyechongwa Ukambani, kwa ujuzi uliotoka Uzaramo, ulioletwa na vita ya Wazungu. Noma sana.

Na ona jinsi anavyofanana na yule bata. Bata wa mbao anamwita bata wa kweli. Twiga wa mbao hamwiti twiga, anamwita mtalii. Wote ni chambo.

WAMAKONDE WALIVUKA RUVUMA

Upande wa kusini kulikuwa na stori nyingine. Wamakonde wa Msumbiji, kutoka uwanda wa Mueda, walikuwa wanavuka Mto Ruvuma kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanganyika. Kwao Mreno alikuwa mkali, na tarehe 16 Juni 1960 pale Mueda wanajeshi waliwapiga risasi raia waliokusanyika. Wengi zaidi wakakimbilia huku. Walikuja na ujuzi wa kuchonga barakoa za ngoma ya mapiko, na huku wakakutana na soko la Dar es Salaam.

Miaka ya 1950 kulikuwa na mfanyabiashara wa Kihindi, Mohamed Peera, aliyenunua kazi zao na kuwatia moyo wachonge vitu vipya kwa mti wa mpingo. Mchongaji Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuanzisha mtindo wa shetani, yale maumbo yenye jicho moja, mkono umetokea sikioni, mdomo uko kiunoni. Roberto Yakobo Sangwani ndiye anayetajwa kwenye mtindo wa watu waliobebana juu kwa juu kwenye nguzo moja. Mtindo huo mwanzo uliitwa dimoongo, ukihusu nguvu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 nchi nzima ikawa inaimba ujamaa, na jina la ujamaa ndilo lililoshika.

Umeona? Hao tunawataja, na ndiyo maana wameingia kwenye historia. Lakini chini ya mti pale Mtwara, Dar au Arusha walikaa mamia ya wengine, wametanua miguu, kipande cha mpingo katikati, tezo mkononi. Wao ndio waliojaza maduka na makontena, na hao hatuwajui.

KWA NINI JINA HALIANDIKWI?

Ukitulia utaona sababu ziko kama nne.

Ya kwanza ni dalali. Mnunuzi akijua jina na mahali alipo fundi, kesho atamfuata mwenyewe. Jina likifichwa, mnunuzi hana pa kwenda isipokuwa dukani.

Ya pili ni mgawanyo wa kazi. Kwenye karakana nyingi, hasa za Kikamba, mmoja anakata umbo kwa shoka na tezo, mwingine anatoa macho na masikio, wengine wanapiga msasa na kung'arisha. Twiga mmoja kapita mikono minne. Utaandika jina la nani?

Ya tatu ni kuigana. Fundi akitoa umbo jipya likauzika, wiki ijayo wote wanalo. Mwenye wazo anabaki anaangalia.

Ya nne ni sisi na wageni wetu. Mnunuzi anauliza vitu viwili tu: bei gani, na ni kabila gani. Hajawahi kuuliza mchongaji anaitwa nani. Na kitu kisichoulizwa hakijibiwi.

Kuna mtu atasema, "Sasa bro, jina lina faida gani, si bora alipwe tu hela yake?" Sawa, njaa haisubiri. Lakini fikiria bongofleva. Wimbo ukipigwa bila kujulikana wa nani, msanii atapata shoo? Jina ndilo linalokufanya upandishe bei. Fundi asiye na jina, kila asubuhi anaanza sifuri, anashindana na jirani yake kwa kushusha bei. Amechonga miaka 40 na bado mnunuzi anamchukulia kama kaanza jana. Akifa, kazi yake inaendelea kuuzwa, na watoto wake hawana hata pa kuonyesha kwamba hii ya baba.

Bata wanaliwa na wengine, yeye kabaki na vumbi la mbao.

MPINGO WA MCHONGO

Kuna hasara nyingine, ya mti wenyewe. Mpingo siyo mchicha. Unahitaji kama miaka 70 mpaka 100 ndipo ufae kuvunwa. Mti aliouona babu yako mdogo, ndio unaokatwa leo. Na hauhitajiki na wachonga vinyago peke yao, filimbi kubwa za Ulaya kama klarineti zinatengenezwa kwa mpingo wetu.

Mti ukiwa adimu, ujanja unaingia. Mti mweupe unapakwa dawa ya viatu nyeusi, unauzwa kama mpingo. Kwa hiyo kabla hujapigwa, zingatia haya:

Mpingo wa kweli ni mzito kupita kawaida, mzito mpaka unazama kwenye maji.

Weusi wake uko ndani, siyo juu. Geuza kinyago, angalia chini au kwenye mkwaruzo. Ukiona weupe chini ya weusi, ujue umepakwa.

Ganda la nje la mpingo lina rangi ya manjano hafifu. Wachongaji wengi huacha kipande chake makusudi, ni kama kitambulisho.

Futa kwa kitambaa chenye unyevu. Kitambaa kikitoka cheusi, huo ni mpingo wa mchongo.

Na siyo kwamba kila mti mwingine ni wizi. Kenya wachongaji wengi walihamia kwenye mwarobaini na mwembe, miti inayokua haraka, ili kupumzisha misitu. Hiyo ni akili kubwa. Shida ni kudanganya tu. Na fundi anayeweka jina lake chini ya kazi hawezi kudanganya kirahisi, maana anajua utarudi.

SHERIA INASEMAJE?

Wengi wanadhani hakimiliki ni ya wanamuziki na waigizaji. Siyo kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inahusu pia sanaa za kuchonga. Mchongaji ana haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake, na haki ya kunufaika nayo inaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, ikienda kwa warithi. COSOTA ndiyo inayosimamia.

Lakini utadai vipi kitu ambacho hakuna popote panapoonyesha ni chako? Haki ipo kwenye karatasi, ila inahitaji jina la kuishikilia.

SASA TUFANYEJE?

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Nadhani na hii desturi ya kuficha majina tumeichonga wenyewe, kwa hiyo tunaweza kuichonga upya.

Kwa fundi, mchongo ni rahisi. Msumari uliochomwa moto unatosha kuandika herufi mbili na mwaka chini ya kinyago. Mzee Crowell alitumia chuma cha moto, hakutumia kompyuta. Simu yako ina kamera, piga picha kazi kabla haijaondoka, weka tarehe. Kama mmechonga wanne, andikeni jina la kikundi na la kijiji.

Kwa vijana wa huku Mara, jiulizeni. Watalii wanapita mlangoni kwetu kila mwaka, na wanabeba wanyama waliochongwa mbali wakati sisi tuna mafundi wa litungu na vigoda ambao hakuna hata mmoja aliyewarekodi. Kijijini kwenu yupo mzee mmoja au wawili. Nenda kakae naye. Muulize litungu linachongwa kwa mti gani, alifundishwa na nani, na huyo aliyemfundisha alifundishwa na nani. Rekodi sauti. Dakika kumi tu. Siku akiondoka, hayo majina matatu yanaondoka naye, na hakuna makumbusho duniani yatakayoyarudisha.

Na wewe uliyepo Dar, ukipita Mwenge kununua zawadi ya mgeni wa bosi wako, uliza bei kama kawaida. Bishana kama kawaida, hilo siwezi kukuzuia. Ila ukishakubaliana, kabla hujafungiwa kwenye gazeti, uliza na hili: "Fundi aliyechonga hiki anaitwa nani?"

Likitajwa, chukua kalamu uliandike chini.